Mtoto Aliyemkimbia Baba Yake

Miaka ile treni ilikuwa na behewa letu sisi watu weusi. Tukikaribia Kamina, kule Katanga, mama mmoja alimwinamia mwalimu aliyeketi mbele yake.

"Mwalimu, mu kitabu ya masomo, juu ya nini muntu mweusi iko mumoja tu, na njo ule anaiba batoto?"

Mwalimu alitazama mlango kwanza. "Mama, sema polepole."

"Numbi wangu iko na myaka saba. Juzi baba yake alitoka ku kazi, akarudia ku nyumba, mutoto akalia, akajificha. Anasema ni ule wa kitabu."

Mimi nilijifanya nimelala, ingawa usingizi wangu ulisikia kila neno.

Mwalimu alinong'ona kwamba ameandika hadithi ya msichana wa Kiluba, mweusi kama sisi, lakini hathubutu kuisoma darasani. "Mon père, padri wa shule, akisikia, atanifukuza. Miye pia niko na batoto."

"Basi unipatie miye."

"Weye unajua kusoma?"

"Hapana. Bwana yangu njo anajua. Atamusomea nyuma ya mulango, mutoto asikie sauti tu."

Mwalimu alitia mkono mfukoni mwa koti, nikasikia karatasi ndani yake. Mkaguzi wa tiketi, Mzungu, akaingia, na mkono ule haukutoka mpaka treni iliposimama.