Siku ya Kutotumana

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha Jumamosi yenu mkaja kuketi nasi, historia ya mpendwa wetu inasomwa na wifi yake, dada wa mume wake, kwa kuwa mume mwenyewe amesema akianza hatamaliza, na watoto nao wamesema sauti hazitatoka, kwa hiyo kazi imemwangukia wifi mtu, ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kumsifu mke wa kaka yake, basi mvumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto pekee wa baba aliyekuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama aliyekuwa mshonaji. Mama huyo alifariki mapema mwaka 1970, na marehemu, akiwa hajatimiza miaka saba, alichukuliwa na shangazi yake, kwa kuwa baba alilinda kiwanda usiku kucha, naye shangazi alimlisha, akamvisha, akamsomesha, na familia inamshukuru kwa hilo, ila nyumba ile ilikuwa ya watu wazima wengi na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alitumwa. Alitumwa chumvi, akirudi na chumvi alitumwa kiberiti, akirudi na kiberiti aliulizwa mbona hakupitia na vitunguu, hata wapangaji wa uani wakamzoea kwa jina la Njoo, na mmoja wao alihama akiamini kabisa kwamba ndilo jina alilobatizwa. Marehemu alipenda kusimulia habari hiyo huku anacheka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, ambako kipindi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha maktaba, siyo kwa sababu ya vitabu, alikuwa mkweli katika hilo, bali kwa sababu humo ndani hakuna aliyeruhusiwa kuongea, na mtu asiyeongea hawezi kukutuma.

Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa kuwa tarishi katika ofisi kuu ya kampuni ya bima, jengo la ghorofa nne lenye lifti iliyokuwa matengenezoni tangu anaanza kazi, akipandisha mafaili asubuhi na kuyashusha jioni, na alizoea kusema kwamba hatimaye amepata mshahara kwa kazi aliyokuwa akiifanya bure tangu utotoni. Mwaka 1994 alipandishwa cheo kuwa karani wa masjala, na mwaka 2009 akawa msimamizi wa masjala hiyo, nafasi aliyoishika hadi alipostaafu tarehe 31 Julai 2021.

Ni katika ofisi hiyohiyo, mwaka 1986, alipokutana na kaka, fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la choo cha ghorofa ya tatu, akaliziba siku ya kwanza, halafu akaendelea kuja kulikagua kwa muda wa mwezi mzima. Alipotamka habari ya ndoa, marehemu alikubali kwa sharti moja, kwamba katika nyumba yao iwepo siku moja ya juma ambayo hakuna mtu atakayemtuma mwenzake, awe mkubwa au mdogo, mume au mke, na kaka akaitikia harakaharaka, kwa sababu, kama anavyokiri mwenyewe, alidhani ni utani. Walifunga ndoa siku ya Jumapili, tarehe 16 Agosti 1987, na Jumamosi iliyofuata kaka aligundua kwamba haukuwa utani.

Siku hiyo marehemu aliiita Sabato, jambo lililowafanya wengi waulize amehamia dhehebu gani, naye akawajibu kwamba hajahama popote, Jumapili anasali kama kawaida, ila Jumapili ina kwaya, vikao na wageni, na Mungu hakusema siku ya vikao. Chakula cha Jumamosi kilipikwa Ijumaa, milango ilikuwa wazi, mkeka ulitandikwa barazani, na kila mtu alijichotea maji yake mwenyewe, na aliyependa kufua alifua, aliyependa kulala alilala, mradi lisisikike neno niletee, wala nenda kaniangalizie, wala hebu mara moja. Bomba la jirani lilipopasuka Jumamosi moja, marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na ndoo, na kaka alipomuuliza Sabato imekwenda wapi, alimjibu kwamba ndoo ameibeba mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Mtihani mkubwa ulikuja kabla ndoa haijamaliza miezi miwili, pale mama yetu mzazi, Mungu amrehemu, alipofika bila taarifa akiongozana na huyu wifi anayewasomea, siku ya Jumamosi, jua kali, akaketi, akapepea uso kwa upande wa kanga, akasema mwanangu niletee maji. Bibi harusi alipiga magoti, akamsalimu kwa heshima zote, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, mama, leo hatutumani, na mama akageuka kumtazama mwanawe, akamuuliza, umeoa au umepanga? Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni na jasho linamtoka, akaenda akaleta maji, na mama alipomuuliza nani kakutuma, akasema hakuna, nimekuona una kiu. Mama aliyanywa yale maji polepole sana, na kabla ya jioni alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mwanamke aliyelea watoto saba na kuulizwa kila siku ya maisha yake kutapikwa nini, na tangu hapo hadi uzee wake wote alikuwa akija Jumamosi, akisema kwa watu anakwenda kumwangalia mwanawe, na baadaye mjukuu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1989, ambaye sasa ni fundi kompyuta, na mvulana aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1993, ambaye ni mwalimu, na wote wawili wanakumbuka kwamba watoto wa mtaa mzima walikuwa wakijazana kwao Jumamosi kama wakimbizi, mpaka wazazi wao wakaja kulalamika.

Simu za mkononi zilipoingia, marehemu alizikusanya kila Ijumaa jioni, akazitia kwenye sufuria, akafunika, na mkuu wake wa kazi alipoanzisha kundi la ofisi kwenye simu na kumimina maagizo siku za mapumziko, marehemu aliyasoma Jumatatu. Aliitwa, akaonywa, akaeleza, na mwaka 2016 nafasi ya umeneja wa utawala, aliyoingojea kwa miaka mingi, akapewa mwingine. Iliuma, na hatutasema hapa kwamba haikuuma, lakini Ijumaa ilipofika alizikusanya simu kama kawaida.

Tarehe 11 Novemba 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, kikachukua mkono na mguu wa kulia, na baada ya kulazwa kwa wiki mbili alirudishwa nyumbani, akiongea kwa shida na asiweze kusimama. Jumamosi ya kwanza aliamka na kiu, akatazama gilasi iliyokuwa juu ya meza, akaitazama muda mrefu, kisha akalia, na binti yake alipomsogelea alimwambia, kwa maneno yaliyokuwa yakitoka moja moja, kwamba sasa na yeye amekuwa mtu wa kutuma, na Sabato yake imekwisha. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, si kifo, bali kumwita mtu njoo.

Kaka alisema Sabato haijaisha, kwani anayetumwa ni aliyeambiwa, na wao watajifunza kutoambiwa. Siku ile ya kwanza waliharibu, wakamletea maji mara tano mfululizo, mwana akamfunika blanketi, binti akalifunua, kaka akawasha redio, na marehemu akacheka mpaka wakaogopa, kicheko chake cha kwanza tangu augue. Walijifunza taratibu, kusoma jicho lake linapokwenda dirishani, kujua mguu unapomchoka, kujua anapotaka aachwe tu, na kwa mwaka mmoja na nusu alipata Jumamosi zake zote, akiwa hajawahi kumtuma mtu hata mara moja. Alifariki nyumbani kwake mchana wa Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini, mkono wake wa kushoto ukiwa mikononi mwa mume wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemsimamisha tena kwa dakika ambazo hatutazisahau, wafanyakazi wenzake wa masjala waliomtembelea mpaka mwisho, viongozi wa dini na wanakwaya. Majirani, kwenu maneno yanatupungukia. Tangu Alhamisi tumeona viti vikiingia, maji yakijaa kwenye mapipa, turubai likisimama, wageni wakipokewa na kulishwa, na kila tulipouliza nani amesema mfanye haya, mlitutazama kama watu wasioelewa Kiswahili. Katika msiba huu hakuna aliyetumwa.

Na wewe, mke wa kaka, tunajua watu wakisimama hapa huwa wanampa marehemu salamu awafikishie waliotangulia, na wapo hapa wenye salamu nyingi kwa mama. Leo ni Jumamosi. Hatukutumi. Salamu zetu tutazipeleka wenyewe, kila mmoja siku yake ikifika. Wewe pumzika kwa amani.