Mkarafuu wa Ukutani

Ndani ya gari la abiria litokalo Kengeja kwenda Chake Chake, mchoraji Nabhan alikuwa akijisifia kazi yake kwa bimkubwa aliyekaa ubavuni mwake, ambaye hata jina hakumjua.

"Bei ya karafuu imeanguka, watu nyuso zimewakunjamana. Basi nimewachorea mkarafuu, ukuta mzima wa soko, wakiuona wachangamke. Kesho turubai linaloufunika linaondolewa."

"Una karafuu huo?"

"Tele! Zote zimechanua, nyeupe pe!"

Bimkubwa, mchumaji tangu usichana wake, akashika kichwa. "Lahaula! Karafuu huchumwa ingali imefumba, mwanangu. Ikichanua imeshaharibika. Wewe umetuchorea hasara, tena ukuta mzima!"

Gari zima likacheka, isipokuwa Nabhan, ambaye miguu yake ilikuwa bado inazikumbuka wiki mbili za kusimama juu ya ngazi. "Lakini ua lililofumba halipendezi, bimkubwa."

"Halimpendezi nani? Mimi likifumba ndipo nnapokula."

"Basi nifanyeje, na kesho ndiyo hiyo?"

Gari likasimama sokoni. Bimkubwa akateremka na pakacha lake, kisha akageuka.

"Wachore na wachumaji. Na uwachore wanakimbia, wamechelewa!"