Kimya cha Katikati

Mwamini alikaa nyuma ya boti, amejitanda kanga, akisikiliza watu wawili wasiomjua wakiuchambua wimbo alioutoa miaka ishirini na mitano nyuma.

"Wimbo gani unanyamaza katikati?" alibeza Pastory, mchuuzi wa dagaa, mjuzi wa kila kitu. "Hata redioni waliukata wakidhani umekwisha."

"Sisi kule Uvira tulingoja, baba," akajibu Nabintu, mkimbizi aliyevuka ziwa mwaka jana. "Harusini tulinyamaza wote, hata bibi harusi."

Akauanzisha. Wakimbizi wenzake mle botini wakamfuata. Boti ilipogusa mchanga wa Katonga, injini ikazimwa, nao wakanyamaza ghafla.

"Si umeona? Umekwisha!" Pastory akacheka.

Mwamini akahesabu kimoyomoyo hadi saba, kama alivyohesabu studio. Kwenye hesabu ya nane wakaingia wote kwa sauti moja, wala hakuna aliyechelewa.