Fundi Aliyejitoa kwenye Kundi

Ndani ya basi, mama wa dirishani alikuwa na faili la kazini mapajani, lakini hakusoma neno. Mafundi cherehani wawili wa kiti cha mbele walikuwa na jambo zito: jana fundi mgeni alijitoa kwa hasira kwenye kundi lao la simu.

“Kosa letu, dada,” alisema mwembamba. “Kila mgeni tunamwambia apige picha nguo aliyoshona ikiwa imegeuzwa ndani nje, tuone mishono na tujue kaishona mwenyewe. Hatukumwambia kuwa ni desturi. Kaona tunamwita mwizi wa kazi za watu.”

“Mimi msimamizi, nilimwomba picha kama ninavyowaomba wote,” alijibu mnene. “Akatuita wachawi! Watu mia mbili, wachawi!”

“Lakini picha si aliituma kwanza, ndipo akatoka?”

“Aliituma,” alisema mnene, akiifungua kwenye simu. “Na tangu jana kundi zima kimya.” Mafundi, Mama aliwajua, hawanyamazi hata msibani.

“Ule mkono wa gauni pichani,” mnene akaendelea, “miaka ishirini natafuta kuushona hivyo. Huoni uzi ulipoanzia wala ulipoishia. Yule mtoto ana mkono, jamani!”

“Basi mwombe radhi arudi.”

“Nimwombe mimi, niliyetukanwa?”

“Haya, kaa na heshima yako. Mkono huo atakufundisha nani?”

Basi likasimama. “Dada, tumefika,” alisema mwembamba, akashuka. Mnene hakuinuka. Alikuwa ameinamia simu, anaikuza picha kwa vidole viwili, anautafuta uzi.