Nyundo, Aliyemzaa Bisibisi kwa Tumbo Lake

Wasifu huu umeandikwa na mama mzazi wa marehemu kwa mkono wake mwenyewe, na unasomwa na mjomba. Ule mwingine ulioletwa na wifi wa marehemu, uliosema marehemu hakujaliwa mtoto, umechanwa. Mjomba ameombwa asome yote, asipunguze makali kwa ajili ya wageni.

KUZALIWA

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, nyumbani, kabla mkunga hajafika. Alitanguliza miguu, akamchana mama yake, na alipopigwa kofi ili alie alikunja ngumi kwanza. Baba yake, aliyekuwa mpasua mawe na ambaye naye ametangulia, alicheka akasema, "Huyu kaja kugombana." Alikuwa wa tatu kuzaliwa na msichana pekee. Kaka zake wawili wamekaa hapa, na kila mmoja ana kovu alilopewa na yeye.

ELIMU

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, hodari wa hesabu. Alivunja ungo akiwa darasa la sita, na tangu mwezi ule wa kwanza maumivu yalimshika kama mbwa anavyoshika mguu, hayakumwachia mpaka yashibe. Alitapika, akazimia. Watu wazima wote walimwambia kila mwanamke anapitia hayo, ajikaze. Mwalimu mmoja alimkuta amejikunja chini ya dawati, akamwita mvivu, akaanza kumcharaza mgongoni. Fimbo iliposhuka tena marehemu aliidaka, akaivunja gotini, akamrudishia mwalimu vipande vyote viwili. "Shikamoo, mwalimu," akasema, kisha akaanguka tena. Shule ilimsimamisha. Mwalimu hakuulizwa kitu.

KAZI

Mwaka 1998 aliingia gereji ya kunyoosha bodi za magari. Mwenye gereji, ambaye leo amevaa shati jeupe kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alimwambia, "Dada, hapa hatutafuti mfagiaji. Hapa tunapiga chuma." Marehemu akaokota nyundo, akaupiga mlango wa pikapu uliobonyea mpaka ukanyooka, kisha akauliza, "Na wewe nikunyooshe wapi?" Jina la Nyundo lilianzia hapo, na jina la cheti likabaki kwenye cheti.

Siku zake zilipofika mtaa mzima ulijua. Hakukaa kitandani. Aliuma kitambaa, akapiga bati huku jasho likimchuruzika kama aliyemwagiwa ndoo. Mwenye gereji akawa anamwekea magari yaliyopondeka vibaya kuliko yote yamsubiri wiki hiyo. Wateja walipita kuuliza, "Nyundo kashaanza kuumwa? Langu limegongwa na basi." Naye akawajibu kutoka chini ya gari, "Lete! Lete na aliyeligonga!"

NDOA

Mwaka 2004 aliolewa na dereva wa lori, mtu wa maneno machache, aliyeitwa Mpole hata na askari wa barabarani. Walipendana. Miaka ikapita bila mtoto, na dada yake Mpole, yaani wifi yake marehemu, akaanza kumwita tasa mbele za watu. Siku moja alimleta msichana mwenye begi hadi sebuleni.

"Wifi, nimekuletea msaidizi. Wewe endelea na magari yako, huyu atuzalie."

"Kaka yako kakutuma?"

"Kaka yangu hana mdomo. Mdomo wake ni mimi."

Marehemu alimsindikiza yule msichana hadi getini kwa heshima, maana hakuwa na kosa, akamkabidhi begi lake. Kisha akarudi ndani. Walipigana kutoka sebuleni hadi jikoni, kabati la vyombo likaanguka juu yao wote wawili. Wifi aliondoka na pengo mdomoni, marehemu akabaki na alama ya meno begani. Mpole aliporudi safari alikuta hakuna sahani nzima. Alikwenda dukani akanunua za bati.

UGONJWA NA KUTAFUTA MTOTO

Mwaka 2010 daktari mmoja wa kike aliupa ugonjwa wake jina, endometriosi. Alieleza kwamba nyama laini inayotakiwa kukaa ndani ya mji wa mimba, kwake ilikuwa inaota nje, juu ya mirija na juu ya utumbo, na kila mwezi ilivuja damu huko huko bila pa kutokea, mpaka viungo vikagandana kama vilivyopakwa gundi. "Kumbe sikuwa mvivu!" marehemu akasema, akaipiga meza ya daktari ngumi hadi kalamu zikaruka.

Alipasuliwa kwa matundu madogo, wakakata walichoweza kukata. Daktari akamweleza kwamba wenye ugonjwa huu wengi huzaa, wengine kwa taabu, wengine hawapati, na hakuna wa kumwekea dhamana. Vilikuwepo vidonge vya kuilaza hedhi na maumivu yake, lakini anayevimeza hashiki mimba.

"Kwa hiyo nichague, nilale au nizae?"

"Kwa sasa ndiyo hivyo, mama."

"Basi vidonge vyako baki navyo."

Mama yake alimsihi avimeze. "Mwanangu, utakufa."

"Mama, mimi nakufa kila mwezi tangu darasa la sita. Sijazikwa tu."

Mwaka 2012 alishika mimba. Mpole kwa furaha akamwambia dada yake, na dada yake akaja akasimama uani, akapaza sauti majirani wasikie. "Tasa hashiki mimba! Hiyo ni ya gereji!" Marehemu alimrukia. Wifi akamsukuma, naye akaporomoka kwenye ngazi za jikoni, tumbo mbele. Mimba ilitoka siku ile ile. Daktari alisema huenda ingetoka hata bila kuanguka. Marehemu hakukubali, na mama yake hakubali mpaka leo.

Akarudi kutafuta, miaka mingine ya kuumwa bila vidonge, akiuma kitambaa na kupiga chuma. Septemba 2015 alishika tena, na safari hii akaapa kwamba hakuna atakayeliona tumbo lake. Waliojua ni daktari, mama yake, na Mpole, ambaye aliapishwa nyundo ikiwa imeinuliwa juu ya kioo cha lori lake. Marehemu akavaa ovaroli ya mwanamume mnene, tumbo likakaa humo kama mpangaji. Nyundo kubwa akaiweka chini, akasingizia bega, akashika kazi ya msasa. Watu wakasema kanenepa, ndoa imemkubali. Wifi akasema ni uvimbe.

Tarehe 9 Juni 2016 uchungu ulimshikia gerejini. Mwenye gereji alimpakia kwenye gari ambalo milango yake ilikuwa bado inanyooshwa, akamfunga kwa kamba asidondoke kwenye kona.

"Nyundo, mbona unapiga kelele hivyo? Siku zako si bado?"

"Zimekuja zote kwa pamoja! Endesha!"

Akamng'ata mkono, na alama anayo, mwenye kutaka kuiona amwombe. Daktari alimpasua, akachana yaliyogandana tabaka kwa tabaka, damu ikafika kwenye viatu vya wauguzi. Mtoto wa kike akatolewa analia kwa hasira, mwembamba hata mwenye gereji akamwita Bisibisi.

Kwa kuwa hakuna jirani aliyeliona tumbo, na mwenye gereji akahesabiwa shahidi wa kupangwa, maneno yakaanza kwamba mtoto kanunuliwa. Aliyeyabeba ni wifi. Mpole alipokuwa hai maneno hayo yaliishia getini. Tangu Mpole afariki kwa ajali ya lori mwaka 2022, yanaingia mpaka chumbani.

KIFO

Mwezi uliopita tumbo la marehemu lilijaa, akawa anatapika. Alidhani ni yale yale, akaenda kazini kuyapiga kama alivyozoea. Alianguka nyundo ikiwa mkononi. Hospitali walikuta utumbo umejinyonga kwenye makovu ya ndani na umeanza kuoza. Walimpasua, lakini sumu ilikuwa imeshatapakaa. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwa mama yake lilikuwa, "Mtoto asitolewe kwenye nyumba yake."

Hata maiti haijarudi nyumbani, wifi alishakusanya nguo za Bisibisi kwenye mfuko. "Huyu apelekwe alikonunuliwa. Nyumba ni ya kaka yangu." Mama wa marehemu alimpiga kwa stuli. Walioamulia wapo hapa, na stuli ipo.

Jana wanawake walimuosha marehemu. Wifi ndiye aliyeshika beseni. Mama wa marehemu aliifunua shuka, akamwambia, "Sogea, binti. Vidoa hivi ni vya yale matundu. Mshono huu uliosimama ni wa juzi, bado mbichi. Na huu wa zamani uliolala huku chini, mpana kama kiganja chako, nani alitokea hapa?"

Wifi alitazama. Beseni likamwinamia, maji yakamwagika miguuni. Akaenda kuchota mengine, na wanawake wote waliokuwamo walimwona.

AMEACHA

Kwa hiyo iandikwe na isomwe hivi. Marehemu ameacha mtoto mmoja wa tumbo lake, Bisibisi, mwenye miaka minane. Yeye ndiye atakayetia udongo wa kwanza, na leo atarudi kulala kwenye nyumba ya baba yake na mama yake, na bibi yake atalala mlangoni. Ameacha pia mama, kaka wawili, mjomba, mwenye gereji na mafundi wenzake. Ameacha na wifi mmoja. Huyo ametajwa kwa sababu ni shangazi wa mtoto, kama atataka kuwa.

Nyundo, amani uliyonyimwa ulipokuwa hai, ipate huko, ulale.