Fundi Lifti na Kisu cha Shemeji

Treni ilinishusha asubuhi yenye ukungu katika mji ambao sikuwa nimewahi kuukanyaga. Lugha zote nilizobeba, na nilikuwa nimebeba kadhaa, ziliishia kwenye lango la stesheni. Hapana hata moja iliyofaa. Nilikuwa namtafuta mshona viti. Nikapiga kofi kiti cha mwuza magazeti, nikaigiza mtu anayevuta sindano, naye akaelewa papo hapo. Akanionyesha daraja, kisha mkono wa kushoto, kisha akakunja pua. Maana yake: fuata harufu ya gundi.

Ndugu, jamaa na marafiki, mniwie radhi kwa kuanzia huko. Najua wasifu huanza na kuzaliwa. Lakini aliyenituma katika mji ule ni marehemu kaka yangu, alipokuwa hawezi tena kusafiri mwenyewe, na safari ile inamweleza kuliko tarehe zote. Tutairudia. Tarehe nazo tuzitoe kwanza, maana yeye hakupenda kazi ianzwe bila vipimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha vigae. Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu, mshona nguo, na baba yetu, mlinzi wa ghala. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu, kabla hajajua kufunga viatu vyake, alifungua kitasa cha mlango wa jikoni ili aone kilichomo, akakirudisha kinyume, na familia nzima ikaingilia dirishani mpaka baba alipotoka zamu. Baba hakumchapa. Alimkabidhi bisibisi, akamwambia, "Ulichofungua, funga."

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, ile iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, ambako mwalimu wa hesabu alimbandika jina la Bwana Kwanini. Mwaka 1965 alijiunga na chuo cha ufundi, na mwishoni mwa 1968 akatoka na cheti cha umeme na mitambo. Alama zake za michoro zilikuwa za juu sana. Za insha hatutazitaja hapa mbele ya wajukuu.

Januari 1969 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2009, kwanza katika jengo la ofisi lenye ghorofa kumi na mbili, baadaye katika hospitali. Ndiyo maana wengi wenu hamkumjua kwa jina jingine ila Fundi Lifti. Alikuwa na sheria moja: lifti ikishatengenezwa, wa kwanza kuipanda ni yeye. Siku moja mkurugenzi alimkuta mlangoni na kumtaka apishe.

"Bwana, mimi nina mkutano juu!"

"Bosi, wewe una mkutano," marehemu alimjibu, "mimi nina jina. Ngoja nilipandishe kwanza."

Alipanda, akashuka, kisha akamshikia mlango mkurugenzi kwa heshima zote.

Katika jengo hilohilo, ghorofa ya tisa, alikuwapo karani aliyeogopa lifti kama ukoma. Kila asubuhi alipanda ngazi. Marehemu naye akaanza kupanda ngazi, na sanduku lake la vifaa begani, akihema. Karani alimvumilia, mwishowe akamuuliza, "Wewe si ndiye fundi? Mbona hupandi lifti yako?"

"Lifti inafika haraka mno, dada yangu. Hatutamaliza mazungumzo."

Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Shemeji yangu hapandi lifti mpaka leo. Marehemu alisema hilo ndilo tatizo pekee aliloliacha kazini bila ufumbuzi, na kwamba hakulijutia.

Alipostaafu, binti yake alimpa boksi dogo: seti ya kujiundia kisu cha kukunja. Ndani mlikuwa na mabamba mawili ya chuma ya mpini, ubapa, pini ya kuuzungushia, skrubu ndogo kama mbegu za nyanya, na karatasi ya maelekezo katika lugha asizozijua. Akanipigia simu.

"Wewe si mtu wa lugha? Nisomee hapa wanasema nini."

"Wanasema usilazimishe."

"Hilo hata mama alisema. Endelea."

Kuanzia hapo meza ya chumba cha nyuma ikawa karakana. Palikuwa na jiliwa la kubania chuma upande mmoja, tupa zilizopangwa kwa ukubwa, msasa, kitambaa cheupe cha kuzuia skrubu zisitoroke, na redio iliyokuwa ikiongea peke yake. Aliunda visu vingi, akavigawa kwa majirani na ndugu. Kilichomvutia kuliko chote ni kile kibamba chembamba ndani ya mpini ambacho, kisu kikikunjuliwa, hujipachika nyuma ya ubapa na kuuzuia usirudi kwenye vidole. Alikiita ulimi. "Ulimi wa binadamu hauna mfupa," alikuwa akisema, "lakini wa kisu lazima uwe nao."

Mwaka 2012 alitamani chuma cha Dameski. Kwa wasiokijua, ni chuma laini na chuma kigumu vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, vikafuliwa motoni mpaka vikawa kitu kimoja. Ukikiangalia kabla ya kuchovywa kwenye tindikali, utadhani ni chuma cha kawaida. Kikichovywa, michirizi inajitokeza kama maji yaliyopulizwa na upepo. Nilimpata mfua vyuma mmoja katika safari zangu, nikawa mkalimani wao, na bapa mbili zikafuliwa kwa ajili yake kutoka pande moja la chuma. Mapacha. Marehemu alizitia kwenye mipini miwili ya seti. Kimoja akajiwekea. Cha pili akampa shemeji yake, kaka wa mkewe, mshona viti ambaye sisi sote tunamwita Sofa.

Sofa alikuwa anaondoka siku hiyo. Yeye ni mtu wa kufuata kazi. Leo anashona viti vya hoteli hii, mwakani yuko nchi nyingine, na simu zake hufa kama inzi. Kisu kilimalizika asubuhi, treni ilikuwa mchana. Marehemu alimkabidhi kwenye jukwaa la stesheni, treni ikiwa imeshaanza kutembea. Kilikuwa kisu cha kwanza alichokitoa bila kukijaribu.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2017. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na ngazi, ambazo zilimpatia mke, zikawa adui. Aliyapokea hayo kwa utulivu, akapunguza kazi, akawa anafanya ameketi. Kilichomwondolea utulivu ni jambo jingine. Februari 2019 alitoa kabatini kile kisu pacha alichokuwa amejiwekea kama pambo, akataka kukata nacho kamba ya boksi. Ulimi uliteleza. Kisu kikajikunja, kikamchana kidole cha shahada.

Jeraha lilikuwa dogo. Lakini alikaa na kile kisu chini ya taa, akakipima, akaona kosa lake. Mwinamo wa kisigino cha ubapa wa Dameski, pale ulimi unapoegemea, haukuwa sawa na wa ule ubapa uliokuja na seti. Alipaswa kuupiga tupa mpaka ukae sawasawa na ulimi, naye hakufanya hivyo, kwa furaha ya ile michirizi na kwa haraka ya treni. Na kama huyu alikuwa hivyo, pacha wake pia alikuwa hivyo, mkononi mwa mtu anayekata ngozi na magodoro kila siku, ambaye vidole ndivyo shamba lake.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Chakula kilimshinda. Mkewe akimwambia, "Baba, kaka yangu angeumia tungesikia," yeye alijibu, "Sofa hata akioa hatusikii." Tulipiga namba zote za zamani. Mwishowe fundi seremala mmoja alituambia alimwona katika mji fulani wa mbali, mtaa wa samani. Kaka akanitazama. Nikaenda kukata tiketi.

Ndivyo nilivyofika mwezi Aprili kwenye ule mji wa ukungu. Nilifuata harufu ya gundi hadi kwenye banda lenye makochi yaliyovuliwa nguo, nikamkuta Sofa amepiga magoti mbele ya kiti cha mikono, misumari midogo mdomoni. Aliitema kiganjani aliponiona.

"Shemeji! Umepotea au umefukuzwa?"

"Kaka kanituma. Nionyeshe vidole vyako."

"Salamu gani hiyo?"

"Sofa, vidole."

Akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa. "Haya, kumi. Kimoja kina gundi. Umeridhika?"

Nilikaa kwenye kochi lisilo na kitako, nikazama mpaka kwenye springi. Sofa akacheka, kisha alipoona sicheki akaacha. Nilimuuliza kuhusu kisu. Akakitoa kwenye mfuko wa aproni. Michirizi ya Dameski ilikuwa imefifia kwa kazi, lakini siyo niliyoitazama. Shingoni, pale ubapa unapoungana na mpini, kilikuwa kimeviringishwa uzi wa nta, mzunguko juu ya mzunguko, umebana na kung'aa kwa jasho la miaka, kama mtu aliyevunjika shingo akafungwa bendeji.

"Nini hiki?"

"Uzi."

"Naona ni uzi. Nani kaufunga?"

"Mimi. Si kaka yako mwenyewe ndiye aliyesema? Treni inaondoka, anakimbia pembeni, ananipigia kelele: 'Shemeji, ukimaliza kazi usisahau kukifunga!' Nikakifunga."

"Alimaanisha ukikunje! Kukifunga, yaani kama mlango!"

Sofa alinitazama, akakitazama kisu. "Sasa mbona hakusema kukunja? Mimi ni mshona viti, bwana. Ukiniambia funga, nafunga. Tena kilikuwa kinacheza kidogo shingoni, nikasema, kumbe na yeye kaona. Na hilo si fundo la kitoto, hilo ni fundo la kochi."

Kisu kile hakikuwa kimekunjwa hata mara moja tangu kiondoke stesheni.

Nilimpigia kaka simu pale pale. Aliniambia tukate uzi, tukiache wazi vilevile, kisha tukandamize mgongo wa ubapa kwenye mbao. Sofa alikata uzi wake kwa mkasi kama anayemkata mtoto nywele. Nikaweka mgongo wa kisu kwenye fremu ya kochi, nikakandamiza kidogo tu. Ulimi ukateleza, kisu kikalala.

"Kimefanyaje?" sauti ya kaka iliuliza.

"Kimelala, kaka."

Nilisikia pumzi yake inavyokuja na kuondoka. "Na yeye?"

Nikamweleza habari ya uzi. Mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha tumbo, mpaka kikohozi kikamshika na mkewe akamnyang'anya simu. "Nyie mmemwambia nini mgonjwa wangu?" Nyuma yake kaka alikuwa akijaribu kusema kitu. Simu ikarudi kwake.

"Mwambie Sofa aje nacho. Na njiani akifunge."

Sofa akainamia simu. "Shemeji, nikifunge au nikifunge?"

Tulirudi pamoja, kisu kikiwa na uzi mpya. Marehemu alitusubiri kwenye meza ya chumba cha nyuma, amevaa shati safi, miguu juu ya mto. Hakutaka msaada. Alitengua kisu, akakibana kisigino cha ubapa kwenye jiliwa, akapiga tupa viboko vichache, akapumzika, akapiga tena. Akatia ulimi mpya, mnene kidogo kuliko wa kwanza. Sofa alishindwa kunyamaza.

"Shemeji, upande ule bado."

"Sofa, funga mdomo."

"Kwa uzi?"

Kazi iliyokuwa ya asubuhi moja ilimchukua siku kadhaa. Alipomaliza alikandamiza mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza kwa nguvu alizokuwa nazo. Kikasimama. Akampa mwanawe, kikasimama. Akamwita mkewe, akamwambia akilalie kwa mikono miwili na hasira zote za ndoa. Kikasimama. Ndipo akakikunja, akamwekea Sofa kiganjani, akavikunja vidole vya Sofa juu yake, kimoja kimoja. Siku hiyo alikula, na akalala mpaka jua likaingia chumbani. Pacha mwingine alimwagiza mwanawe auvunje ulimi wake, asije mtu akakiamini.

Wiki zilizofuata zilikuwa nyepesi kuliko tulivyostahili. Maumivu yalikuwapo, lakini hofu ilikuwa imetoka nyumbani, na sisi tuliokuwa tukinong'ona ukumbini tukaanza kuongea kwa sauti. Daktari alituambia ukweli, naye aliusikia kama fundi anavyosikia habari ya mashine iliyochoka. Jumanne tarehe 11 Juni 2019, mchana, mkewe alikuwa akimsomea gazeti. Marehemu alinigeukia na kuniuliza, kama alivyoniuliza kila nilipokuja, "Na wewe unaondoka lini?"

"Siondoki."

"Vizuri," akasema. "Endelea kusoma, mama." Hakufika mwisho wa ukurasa. Alikwenda bila kuhangaika, na tunamshukuru Mungu kwa hilo kuliko tunavyoweza kusema.

Marehemu ameacha mjane, binti na mwana, wajukuu wanne, dada mmoja, mdogo wake ninayesoma maneno haya, na shemeji yake Sofa, aliyeshona kitambaa cha ndani ya jeneza hili na hataki mtu amsifu.

Kaka, pumzika. Mzigo wako umeutua mwenyewe. Tangulia, nyumbani tupo, na safari hii mimi ndiye ninayebaki.