Mwalimu Kalunde na Mazishi ya Ukurasa wa Tisini

Mwalimu Kalunde anastaafu tarehe 30 Aprili 1993, baada ya kufundisha fasihi ya Kiingereza hapa Kathonzweni kwa miaka ishirini na saba. Miaka hiyo yote amechambua riwaya tano za bibi mmoja Mwingereza wa mwanzo wa karne hii. Tano tu, na mbili anakiri bado zinamsumbua.

Nieleze kidogo kwa wasiosoma fasihi. Waandishi wa wakati ule walichoka na visa, wakaanza kufuata mawazo ya mtu. Kwa hiyo mhusika hushika kitasa cha mlango ukurasa wa tatu, akaingia chumbani ukurasa wa hamsini. Mzee Muli, mume wa Mwalimu, humwuliza jioni, "Mama Ndila, huyo mtu ameingia?" Naye hujibu, "Bado, anafikiria."

Oktoba 1976 nusura tumpoteze. Mkaguzi, Bwana Nzuki wa Mukuyuni, alikuja kuamua kama fasihi ifutwe na vipindi vyake vipewe kilimo. Alikuta darasa likisoma mazishi ya ukurasa wa tisini: mvua inamwagika kaburini, mjane analia. Akauliza hapo pana hisia gani. Darasa zima likajibu: furaha. Kiranja, Jonah, akafafanua kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ndiyo maana mvua imekuja. Mjane analia kwa sababu anataka kwenda kupanda na wageni hawaondoki.

Mkaguzi akasema darasa lote limekosea. Mwalimu Kalunde akamkabidhi kitabu, akamwomba kwa heshima amwonyeshe mahali mjane anapoilalamikia mvua. Bwana Nzuki akavaa miwani, akapekua kurasa arobaini. Mjane alikuwa akiwaza habari za kofia.

Akiwa bado anapekua, matone yakaanza kupiga mabati, mvua ya kwanza tangu Mei. Bwana Nzuki akaruka, akapiga kelele kwamba mbegu zake za mahindi ziko stoo na ufunguo anao yeye, akatimua mbio na kitabu chetu mkononi. Kilirudi baada ya wiki tatu, kina matope, na barua ndani: mazishi yale ni ya furaha, somo liendelee.

Likaendelea. Wengi wa wanafunzi wake leo ni walimu, na wakitaka kuandika habari ya huzuni huweka jua kali na anga safi.

Asante, Mwalimu. Uwe na afya, na maisha mema nyumbani pamoja na Mzee Muli.